JENGO KABLA YA JENGO: Jinsi Tarakilishi Inavyoweza Kutupunguzia Joto na Bili ya Stima

Ikiwa unayasoma makala haya ukiwa umeketi katika darasa la Kidato cha Tatu Magharibi, na saa ni tisa alasiri, sina haja ya kukueleza joto ni nini. Shati limekushika mgongoni, wino umekupaka kiganja, na mwalimu wa Historia anaongea kwa sauti inayotoka mbali kama ya redio iliyoishiwa na betri. Kule nyuma tayari kuna wawili waliokwisha kusalimu amri. Sisi watu wa Voi tumezoea kusema, "Ah, hapa ni Voi bwana, joto ni la Mungu." Mimi pia nilisema hivyo kwa miaka mitatu. Leo nataka kuwaeleza kwa nini nimeacha kusema.

Mwezi wa pili mwaka huu mwalimu wetu wa Fizikia alituazima vipima joto viwili. Kimoja tulikifunga kwa uzi katikati ya Tatu Magharibi. Kingine tukakitundika maktabani, lile jengo kuukuu la mawe lenye baraza pande mbili. Saa tisa na nusu tulivisoma vyote viwili. Darasani nyuzi 36, maktabani nyuzi 30. Mungu ni yuleyule, jua ni lilelile, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni hatua 80 tu! Basi joto lile si la Voi peke yake. Sehemu yake tumelijenga wenyewe, kwa mawe na mabati na karo ya wazazi wetu.

Jambo hili lingebaki gumzo la bwenini kama si habari mliyoisikia gwarideni: halmashauri ya shule imepata fedha za kujenga madarasa mengine manne. Mchoro wake umebandikwa ukutani nje ya ofisi. Siku ya ushauri wa kazi alitutembelea dada mmoja aliyemaliza hapa, ambaye sasa anasomea usanifu wa majengo chuoni. Alipita pale ofisini, akausimamia ule mchoro kitambo, kisha akauliza, "Wadogo zangu, kaskazini iko wapi?" Tukamwonyesha. Akatikisa kichwa. Kumbe madarasa mapya yatatazama magharibi vilevile kama yetu. Baadaye tukaja kujua sababu. Mchoro ule ulitengenezewa shule nyingine, huko nyanda za juu kwenye baridi, na umenakiliwa jinsi ulivyo. Kule jua la jioni ni rafiki. Hapa kwetu, jamani!

Jioni ile dada alifungua kipakatalishi chake kwenye meza ya maabara nasi tukamzunguka kama kuku kwenye mtama. Alichotuonyesha ndicho kiini cha makala haya. Wenye kazi hiyo hukiita kwa herufi tatu, BIM. Kwa Kiswahili chetu tunaweza kukiita kielelezo cha taarifa za jengo.

Mimi nilidhani ni mchezo wa video. Nyumba inazunguka kwenye kioo, unaingia mlangoni, unatoka dirishani. Lakini picha ile ya kuvutia si ndiyo jambo lenyewe. Ukichukua karatasi na rula ukachora mistari miwili sambamba, wewe unajua kwamba huo ni ukuta. Mstari wenyewe haujui. Hata tarakilishi zilipoanza kutumiwa na wachoraji, zilichora mistari vilevile, ila kwa haraka na bila kufuta kwa raba. Katika kielelezo cha BIM mambo ni tofauti. Ukiweka ukuta, tarakilishi inajua kwamba huu ni ukuta. Inajua unene wake ni sentimita 20, umejengwa kwa mawe ya kuchongwa, umepigwa plasta upande mmoja, unatenganisha darasa na baraza, na umebeba paa. Dirisha linajua liko kwenye ukuta gani na linatazama upande gani wa dunia. Bati linajua ni bati. Kila kitu kina cheti chake cha kuzaliwa, kwa hivyo unaweza kukiuliza maswali. Mabati mangapi yatahitajika? Bonyeza, jibu hili hapa. Saruji mifuko mingapi? Hili hapa. Ukilihamisha dirisha kwenye ramani, linahama lenyewe katika mchoro wa mbele, katika mchoro wa ubavuni na katika orodha ya fundi wa madirisha. Fundi wa mabomba naye anaweza kuona mapema kwamba bomba lake linapita katikati ya boriti ya fundi mwingine, wakagombana kwenye kioo badala ya kugombana mjengoni wakiwa na nyundo mikononi.

Wazo hili si la jana. Katika miaka ya 1970 mtaalamu aitwaye Charles Eastman, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, alilalamika kwamba wasanifu huchora kitu kimoja mara nyingi katika karatasi mbalimbali, na kikibadilika mahali pamoja karatasi nyingine hubaki zikidanganya. Akapendekeza tarakilishi ihifadhi jengo zima mara moja, na michoro yote itolewe humo. Mashine za wakati ule zilikuwa hoi kwa kazi kama hiyo. Mwaka wa 1982 kampuni ya Graphisoft ilianzishwa Budapest, Hungaria, nayo ndiyo iliyoleta programu ya ArchiCAD. Programu ya Revit ilitoka mwaka wa 2000, ikanunuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka wa 2002. Kufikia Aprili 2016 serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba miradi ya ujenzi ya serikali kuu sharti itumie BIM. Historia inatosha, turudi kwenye joto letu.

Dada alilijenga darasa letu la Tatu Magharibi ndani ya kipakatalishi kwa muda usiozidi saa moja, sisi tukimpigia vipimo kwa utepe na kumpigia kelele. Halafu akaiambia programu mahali tulipo: Voi, karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta. Jua likaanza kutembea juu ya darasa, saa baada ya saa. Hapo ndipo nilipofunguka macho.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, ila hatuitumii. Saa sita mchana jua letu liko juu sana. Mwezi wa Juni, linapofika kileleni, liko upande wa kaskazini kwa pembe ya nyuzi kama 63 kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, nyuzi kama 70. Yaani dirisha linalotazama kaskazini au kusini unaweza kulikinga kwa upenu mfupi tu. Wale wanaokimbia Hisabati wanisamehe kidogo: upenu uliochomoza sentimita 60, jua likiwa nyuzi 63, unatupa kivuli cha karibu mita 1.2 kwenda chini. Dirisha zima limefunikwa. Sasa chukua upenu uleule uupeleke upande wa magharibi. Saa kumi jioni jua limeshuka hadi nyuzi kama 35, na kivuli kinapungua kuwa sentimita 42. Saa kumi na moja hata hizo hazifiki. Jua linapita chini ya upenu, linaingia moja kwa moja, linaketi kwenye dawati lako. Na hufanya hivyo mwaka mzima, maana hapa kwetu jua huzama magharibi pasipo kuhamahama sana. Ukiona madarasa ya magharibi yamebandikwa magazeti kwenye vioo halafu taa zimewashwa mchana, usiwalaumu wanafunzi. Wanalipa deni la aliyechora, na shule inalipa stima.

Kuna deni jingine la usiku. Mawe hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua tangu saa nane unaanza kulirudisha lile joto ndani jioni, wakati wa prepu, hali nje upepo umekwisha kupoa. Nenda ukauguse saa mbili usiku kama huniamini.

Baada ya jua ilikuja kazi ngumu zaidi. Kielelezo chenye taarifa kinaweza kukabidhiwa programu nyingine ambayo kazi yake ni kuhesabu joto. Maarufu mojawapo ni EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2001 na ambayo haiuzwi. Mtu yeyote mwenye tarakilishi na subira anaweza kuipata bure. Inataka mambo mawili: jengo lenyewe, pamoja na faili la hali ya hewa. Faili hilo lina hali ya kila saa ya mwaka wa kawaida wa mahali fulani, yaani joto, unyevu, upepo na ukali wa jua. Siku 365 mara saa 24 ni saa 8,760. Kwa kila saa programu inafanya hesabu kama ya mwenye duka anayefunga daftari. Joto gani limeingia kupitia paa, kuta na vioo? Gani limetolewa na watu, taa na mashine? Gani limetoka kwa upepo? Linalobaki ndilo utakalolihisi shingoni.

Kwenye hesabu hiyo nilijifunza mambo mawili ambayo sikuyatarajia. Kwanza, sisi wenyewe ni majiko. Mtu aliyeketi tuli hutoa joto la wati 100 hivi. Tuko 48 darasani, kwa hivyo ni karibu wati 4,800, kana kwamba mtu amechomeka pasi tano za umeme na kuziacha zikiwaka kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Joto hilo lazima lipate pa kutokea. Hewa moto hupanda juu, na darasa letu lina madirisha ya katikati tu, juu hakuna hata tundu. Joto linapanda, linakwama chini ya mabati, linatukalia kichwani.

Pili, paa. Nilidhani ukuta ndio adui mkubwa. Kumbe paa ndilo linaloangaliwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, na saa sita mchana kukiwa hakuna mawingu kila mita mraba ya ardhi hupokea wati kama 1,000. Bati lisilo na dari ni sawa na sufuria iliyopinduliwa. Bati lililochakaa likashika kutu hunywa jua zaidi ya lililopakwa rangi nyeupe.

Sasa likaja tendo lililonifanya niandike makala haya. Dada alianza kujaribu. Akaligeuza jengo zima ili madirisha yatazame kaskazini na kusini, na ncha zake fupi zisizo na madirisha ndizo zitazame mawio na machweo. Mstari mwekundu wa joto ukashuka. Akaongeza upenu, ukashuka kidogo tena. Akaweka dari na matundu ya hewa juu ya kuta zote mbili zinazotazamana: lo! ukashuka vizuri. Akapaka bati rangi nyeupe. Kisha mmoja wetu, mtu wa kupenda makuu, akasema, "Dada, weka kiyoyozi!" Akakiweka. Darasa likapoa kama friji, na mstari mwingine, ule wa stima, ukaruka juu hata ukataka kutoka kwenye kioo. Tukamwambia akitoe upesi kabla bursa hajapita.

Tazama mpangilio wa gharama. Kuligeuza jengo lililo kwenye kipakatalishi hakugharimu hata shilingi moja. Kuligeuza likiwa karatasini ni kazi ya siku chache za msanifu. Likisha kujengwa haligeuki tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ufa haujatokea, kwa maana ukuta wenyewe bado haupo.

Pengine utauliza, kwani wazee wetu walikuwa na tarakilishi? La hasha. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ua wa ndani ulio wazi juu, na vichochoro ambavyo nyumba moja huikinga nyingine jua. Fundi wa kale alikuwa na kielelezo chake, ila alikibeba kichwani, na makosa yake yalisahihishwa na kizazi baada ya kizazi. Sisi tumehama kutoka ujenzi ule tukaingia katika bloku na mabati ndani ya miaka michache. Hatukupata muda wa kukosea na kusahihisha. Ndiyo maana mashine inayoweza kukosea mara mia kwa jioni moja ina faida.

Hata jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka wa 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, halikungoja BIM. Linapoa kwa kuingiza hewa baridi ya usiku na kuhifadhi ubaridi huo katika zege lake zito, na watu hulifananisha na kichuguu cha mchwa. Hapa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, kuna chuo cha Startup Lions kilichosanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka wa 2021. Kina minara mirefu inayotoa hewa moto juu, nayo imeiga vichuguu vya kule kule Turkana. Wanafunzi wa huko hutumia tarakilishi mchana kutwa, na vumbi na joto ni maadui wa tarakilishi. Gigiri jijini Nairobi, ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa mwaka wa 2011 kwa watu 1,200 zina paneli za jua juu ya paa na nafasi wazi za kuleta mwanga ndani. Na mbali kabisa, jengo la Shanghai Tower la China, lenye urefu wa mita 632, lililokamilika mwaka wa 2015, lilibuniwa kwa kutumia BIM kwa sababu limejipinda kama kamba na hakuna karatasi ambayo ingelimudu. Lina ngozi mbili za vioo zenye hewa katikati, kama thamosi ya chai. Sisemi tujenge thamosi Voi. Nasema tu kwamba majengo yote duniani hutumia takriban asilimia 30 ya nishati inayotumiwa na binadamu, na haitoshi kuwaachia matajiri wa Shanghai hesabu hiyo.

Nisije nikaonekana nauza tarakilishi, nitaje na ila zake. Programu nyingine za BIM huuzwa kwa leseni ya kila mwaka yenye bei ya kutisha, ingawa wanafunzi wa vyuo hupewa bure. Faili la hali ya hewa la mji mdogo mara nyingi halipo. Dada alitumia la Mombasa kisha akatuonya kwamba Mombasa ina unyevu ambao Voi haina, kwa hiyo tusiapie tarakimu zile, tutazame tu ni badiliko gani linashinda lingine. Tena kielelezo huamini unachokiambia. Ukikiambia madirisha yatafunguliwa saa moja asubuhi, kitaamini. Hakijui kwamba dirisha la tatu halifunguki tangu bawaba ivunjike, wala kwamba mlinzi huyafunga yote saa kumi kwa kuogopa nyani. Watafiti wamegundua mara nyingi kwamba majengo hutumia nishati nyingi kuliko yalivyotabiriwa, na sababu mojawapo ni sisi wakaaji. Mwarobaini ulio mbele ya Tatu Magharibi nao haukuwa ndani ya kielelezo mpaka tulipomkumbusha.

Tulimwonyesha Mwalimu Mkuu zile picha. Alizitazama kimya, akauliza kama kuligeuza jengo kutaongeza gharama, dada akamwambia msingi ni uleule na mawe ni yaleyale, ila patahitajika dari na mabati machache zaidi ya kurefusha upenu. Akauliza kama uwanja wa voliboli utaguswa. Hapo tukanyamaza, kwa sababu utaguswa. Ncha ya mashariki ya jengo lililogeuzwa itakula mita kama nne za uwanja. Kapteni wa voliboli, ambaye ni mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili na ambaye hasomi katika darasa la Magharibi, hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Namwelewa. Hata hivyo nimepima kwa hatua, na uwanja unaweza kusogezwa kuelekea kwenye ua wa michongoma iwapo tutaukata ule mti uliokwisha kukauka.

Mwalimu Mkuu amesema atayapeleka maswali yetu kwenye mkutano wa halmashauri wiki ya pili ya muhula ujao, mradi yaandikwe kwa heshima na yasizidi ukurasa mmoja. Tumeandika matatu. Je, mchoro unaweza kugeuzwa ili madirisha yatazame kaskazini na kusini? Je, dari na matundu ya hewa ya juu yamo katika bajeti, na kama hayamo, ni kitu gani kinaweza kupunguzwa ili yaingie? Je, msanifu anaweza kuombwa atuletee kielelezo, si karatasi peke yake, na wanafunzi wa Fizikia waruhusiwe kukipima kwa vipima joto madarasa yakisha kujengwa? Anayetaka kutia sahihi barua hiyo anitafute katika Nne Mashariki kabla ya kufunga shule. Vigingi na kamba ya kupimia msingi bado viko stoo. Niliviona juzi nilipotumwa fagio.